Haki ya Mzazi Aliyesahau

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, amfunzaye mwanadamu asiyoyajua, naye ndiye ayaondoaye aliyoyafunza kwa amtakaye na wakati autakao. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Uko msiba usiokuwa na matanga. Mzee wa miaka sabini huamka alfajiri kutia udhu, akaanguka kando ya birika. Akachukuliwa hospitali, na matabibu wakasema kwamba mshipa umepasuka ndani ya ubongo na damu imemwagika. Watu wa nyumba yake wakakaa kungojea mauti, na mauti hayakuja. Baada ya majuma kadhaa akarudi kwake kwa miguu yake, ulimi wake mzima na uso wake ni ule ule, na majirani wakaja kushukuru pamoja naye. Lakini wa nyumbani hawakukawia kutambua kwamba aliyerudi hakurudi wote. Huuliza kama adhuhuri imekwisha adhiniwa, akajibiwa, naye akauliza tena kabla kahawa haijapoa kikombeni. Mwanawe mkubwa humwita kwa jina la nduguye marehemu. Na kila asubuhi huutazama mlango wa ndani, akasema: Mama yenu yu wapi? Mbona leo hajatoka? Na mama yao ana miaka sita kaburini, na mzee huyu mwenyewe ndiye aliyeshuka mwanandani kumlaza.

Mfano huu haukupigwa kwa nyumba moja. Wenye kuujua katika miji ya pwani ni wengi, ila huufunika kwa haya. Na mwana aliyefikwa nao huwa na maswali asiyopata wa kumwuliza: Je, huyu angali ni baba kwa haki zake zote, ilhali yeye hajui kama ana mwana? Je, amwambie kila siku kwamba mkewe amekufa, au amwambie uwongo? Na mali yake, na sala yake, na maneno mabaya anayowasingizia watu, yana hukumu gani?

Kwanza na ijulikane ni nini kilichomfika, kwani ujinga wa ugonjwa ndio uzaao dhuluma kwa mgonjwa. Kiharusi ni namna mbili: ama mshipa wa ubongo huziba, na hiyo ndiyo namna iliyo nyingi, ama hupasuka ukamwaga damu. Na sababu iliyo kubwa ya kupasuka ni shinikizo la damu lililopanda kwa miaka mingi pasi na kutibiwa. Damu ikimwagika huiharibu sehemu iliyofikiwa na kuzibana zile zilizo kando yake, na katika sehemu za ndani ya ubongo ziko ambazo kazi yake ni kuyapokea mambo mapya na kuyaweka. Zikidhurika hizo, mtu huweza kubaki na akili ya kusema na kusikia na hata ya kufanya mzaha, lakini jambo la asubuhi halifiki jioni. Ya zamani, khasa yale ya utotoni yaliyokaririwa sana, mara nyingi huwa ndiyo yaliyohifadhika. Ndipo akaonekana mzee asiyejua kama amekula, naye aisoma Alhamdu pasi na kukosea hata herufi, kwa kuwa ile aliitia kifuani chuoni, akiwa mtoto wa miaka sita, mbele ya bakora ya mwalimu.

Wala haya si maneno ya Wazungu peke yao. Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, aliziandikia nguvu za ndani za mwanadamu mahali pake katika ubongo, akaiweka nguvu ya kuhifadhi katika upande wa nyuma. Mahali penyewe elimu ya leo imepasahihisha. Lakini asili ya neno lake imesimama, nayo ni kwamba kukumbuka kuna chombo chake mwilini, na chombo huvunjika. Basi wale wenye kusema kwamba mzee amerogwa, au ana pepo anayetaka ngoma, na watoe hoja. Mara ngapi imeonekana fedha ya kununua ng'ombe wa pungwa ikapatikana kwa siku moja, na fedha ya dawa ya shinikizo la damu isipatikane mwezi mzima! Na mshipa uliopasuka mara moja waogopewa kupasuka tena, na dawa hiyo ndiyo kinga yake iliyo kubwa. Katika miezi ya mwanzo, tena, wengi hurudishiwa sehemu ya walichopoteza. Kumkatia tamaa mgonjwa katika mwezi wa kwanza ni haraka isiyo na msingi.

Na wako wengine, hawa ni watu wa msikitini, ambao husema kwa sauti ya chini: Lau angalikuwa msomaji wa Qur'ani asingalifikwa na haya. Hutegemea kauli iliyopokewa kwa Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, kwamba msomaji wa Qur'ani harejeshwi kwenye umri ulio dhalili. Kauli ya mwanachuoni haitupwi, lakini haikuwekwa iwe fimbo ya kumpigia mgonjwa. Mtume s.a.w. mwenyewe alisahau katika sala, akatoa salamu kabla ya kutimiza rakaa, hata akakumbushwa na Dhul-Yadayn. Na alikuwa akiomba kukingwa na umri ulio dhalili. Jambo ambalo Mtume aliomba akingwe nalo haliwezi kuwa alama ya kumjua muovu. Na katika wapokezi wa Hadithi, watu walioimaliza Qur'ani mara zisizohesabika, wamo kadha wa kadha waliochanganyikiwa mwisho wa umri wao. Khabari yao itakuja.

Amma swali la haki. Yuko anayedhani kwamba wema ni kama biashara ya watu wawili: mmoja hutoa, na mwengine hupokea akajua kuwa amepokea. Basi akimwona baba hajui nani aliyemlisha, huona kama anamwaga maji mchangani, akapunguza kwenda. Leo hana nafasi, kesho jua kali, na mwisho husema: Hata nikienda hajui kama nimekwenda.

Mtu huyu na aulizwe: Yeye anakumbuka nini katika miaka yake miwili ya kwanza? Nani aliyemwogesha usiku wa homa? Nani aliyembeba mpaka baharini kumwonyesha majahazi ili anyamaze? Hapana mwanadamu akumbukaye hayo. Wema ulio mkubwa kuliko wote aliotendewa alitendewa katika wakati ambao hakuwa na kumbukumbu ya kuuweka, na waliomtendea walijua kwamba hatakumbuka, wala hawakupunguza. Na katika Sura ya Bani Israili, Mwenyezi Mungu alipomfundisha mwana dua ya kuwaombea wazazi wake, hakumwamrisha aseme: Warehemu kwa yale ninayoyakumbuka. Alimtajia malezi ya udogoni, nayo ni yale yale asiyoyakumbuka. Deni liliandikwa katika usahaulifu wa mmoja, basi ni ajabu gani likilipwa katika usahaulifu wa mwengine? Na aya iliyo kabla yake yataja uzee wa mzazi kumfikia akiwa kwa mwanawe. Yaani uzee huo, na yaliyomo ndani yake, haukuwa jambo lililosahauliwa na Sharia.

Tena si kweli kwamba wema kwa asiyekumbuka haufiki. Mwaka 2010 wataalamu wa chuo kikuu cha Iowa, Marekani, walitangaza khabari ya wagonjwa 5 ambao ile sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi imeharibika. Walionyeshwa picha za sinema za kuhuzunisha, na wakati mwengine za kufurahisha. Baada ya dakika chache walikuwa hawakumbuki walichokiona, au wakumbuka kidogo mno. Lakini huzuni ilibaki ndani yao, na furaha ilibaki, ijapokuwa sababu yake imekwisha potea. Na mwaka 1911 tabibu wa Geneva, Claparède, alikuwa amekwisha eleza khabari ya mwanamke asiyeweza kumkumbuka tabibu wake hata baada ya kuonana naye mara nyingi. Siku moja alimpa mkono naye ameficha pini kati ya vidole, ikamchoma. Baadaye mwanamke yule hakumjua mtu huyu ni nani, lakini alikataa kumpa mkono. (Na tabibu huyo, kwa kweli, hakufanya adabu, lakini elimu imepatikana.)

Basi mwana aliyekwenda kwa baba yake asubuhi, akamkalisha penye upepo, akasema naye kwa upole, akiondoka huacha kitu nyuma yake. Mzee hatakijua jina lake. Atakuwa na utulivu tu mpaka adhuhuri. Na aliyempigia kelele akenda zake, naye ameacha kitu.

Kwa haya ndipo linapoingia swali lililo gumu, la mama aliye kaburini.

Lau mzee angekuwa mzima asingekuwapo wa kuuliza: mwenye kufiwa ana haki ya kujua, na kumficha ni kumdhulumu. Na mzee huyu alikwisha ambiwa, akalia, akazika. Sasa kila akiambiwa ni kama siku ya kwanza. Hupauka, akashika kichwa, akauliza amekufa lini na kwa nini hakuitwa mazikoni. Baada ya kitambo kidogo ile khabari imekwisha toka, na huzuni haikutoka, wala hajui aihuzunikie nini. Kesho huuliza tena. Mwana aliye mkweli kwa namna hii humfisha mama yake kila siku mbele ya baba yake, naye hudhani kwamba amejiepusha na dhambi ya uwongo.

Wa kinyume naye ni yule anayesema: Mama amekwenda Lamu, atarudi Ijumaa. Hili huonekana jepesi, na watu wengi hulisema. Lakini lina madhara yake. Ulimi uliozoea kumdanganya mzee katika jambo la huruma hautakawia kumdanganya katika jambo la fedha, kwa kuwa ameonekana ni mtu anayedanganyika. Na pengine mzee huyo yuko siku moja akili ikamrejea kwa saa mbili, akaona nyumba nzima imefanya mchezo naye.

Wanavyuoni hawakuliacha jambo hili. Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), aliandika kwamba maneno ni njia ya kufikia makusudio: kusudio jema likiweza kufikiwa kwa kweli, uwongo juu yake ni haramu, na lisipoweza kufikiwa ila kwa uwongo, basi hukumu yake hufuata uzito wa kusudio lenyewe, na hata hapo ni bora kutumia neno la kweli lenye njia mbili, ambalo kwa Kiarabu huitwa taaridhi. Na Nawawi, aliyekufa mwaka 676 (1277), akaliwekea neno hilo mpaka: likiwa na haja ya sawa halina ubaya, pasipo haja lachukiza, na likiwa ni la kumlia mtu haki yake ni haramu.

Na mfano wake ulio mzuri kuliko yote ni wa Umm Sulaym. Mwanawe alifariki, na mumewe Abu Talha hayupo nyumbani. Alipokuja na kuuliza hali ya mtoto, alimjibu kwamba ametulia kuliko alivyokuwa. Neno hilo ni kweli tupu, na Abu Talha akalifahamu kwa alivyolifahamu. Akala, akapumzika, usiku ukapita, kisha ndipo alipompa khabari. Na Mtume s.a.w. alipoelezwa hakumlaumu, bali aliwaombea baraka wote wawili. Msomaji atasema: Lakini Umm Sulaym mwishowe alimwambia. Ndivyo, na mzee huyu pia aliambiwa, miaka sita iliyopita. Haki yake ya kujua ilikwisha tekelezwa. Kilichobaki ni kumchagulia neno na wakati, kama alivyochagua yule bibi.

Basi anapouliza, Mama yenu yu wapi, si kila mara anauliza khabari ya mauti na uhai. Mara nyingi ana njaa, au yu peke yake chumbani, au giza limeingia na moyo umemsumbuka. Mwana mwenye akili hulijibu lile lililo nyuma ya swali: humletea chai, akaketi karibu naye, akasema, Mama alikuwa akiipika chai hii kwa tangawizi nyingi, sivyo? Na mzee hueleza, tena kwa furaha, kwa kuwa ya zamani anayo. Hapana uwongo uliosemwa hapo hata mmoja. Akishikilia, huambiwa kwamba yuko katika ulinzi wa Mola wake, nalo ni neno la kweli kwa aliye hai na aliye maiti. Lakini akiinua uso akauliza waziwazi, Je, amekufa? basi aambiwe ndiyo, kwa sauti ya chini, na aliyemwambia asiondoke mpaka amelia naye. Kwani aliyeuliza hivyo amekwisha lihisi jambo, na kumkanushia ni kumwacha peke yake na anachokihisi. Na khabari iliyo mpya kwake, kama amefiwa na nduguye baada ya kuugua, aambiwe mara ya kwanza kama aambiwavyo mtu yeyote, akiwa ana fahamu ya kuielewa. Hapana aliye na ruhusa ya kumpokonya msiba wake kwa sababu tu ni usumbufu kumwambia.

Wa kuupima uhalali wa neno katika haya ni mtu mmoja: anayefaidika. Neno likiwa linampumzisha mzee, liangaliwe kwa jicho la huruma. Likiwa linampumzisha mwana ili aende barazani, ni jengine hilo.

Na kuna neno moja dogo lililozoeleka mno katika nyumba hizi: Si nimekwisha kukwambia? Hilo ni kweli tupu, wala halina faida hata moja. Mzee halikumbuki aliloambiwa. Analolipata ni kwamba amekosea, na kwamba anayesema naye amechoka naye. Mwenyezi Mungu amekataza mzazi kuambiwa hata «uff», na wafasiri wakasema ni kila sauti ya kuonyesha kuchoka. Aliyesema, Si nimekwisha kukwambia, na aangalie kama hakusema «uff» kwa maneno matatu.

Amma kusingizia, hilo huwauma wana kuliko yote. Mzee hupoteza miwani, akasema mkwe wake ameiiba. Huulizwa jana alikuwa wapi, naye alikuwa kitandani, akajibu kwamba alikwenda Pemba kwa jahazi, akaeleza na bei ya karafuu. Huu si uwongo, kwani uwongo una shuruti ya kukusudia, naye hakukusudia. Ubongo umekuta pengo ukalijaza kwa kilicho karibu, na mwenyewe huamini kama anavyoamini jua. Wapokezi wa Hadithi waliochanganyikiwa walisema yasiyokuwa, na wanavyuoni hawakuwaandika waongo. Said bin Abi Aruba wa Basra na Ata bin Saib wa Kufa ni katika hao, na Ibn al-Salah, aliyekufa mwaka 643 (1245), akawawekea watu wa namna hii mlango wao katika kitabu chake cha elimu ya Hadithi. Hukumu yao ni kupambanua: yaliyosikiwa kwao kabla ya kuchanganyikiwa hukubaliwa, na ya baadaye huachwa. Heshima ya mtu haikufutwa na mwisho wake.

Na mwema kuliko wote katika mlango huu ni mwendo wa wana wa Jarir bin Hazim, wa Basra, aliyefariki mwaka 170 wa Hijra. Ameeleza Abdul-Rahman bin Mahdi kwamba Jarir alichanganyikiwa, naye alikuwa na wana walio watu wa Hadithi. Walipoyahisi hayo walimzuilia watu, hata hapana mmoja aliyesikia kwake kitu katika hali ile. Na watazamwe wana hawa. Nyumba yao ilikuwa ikijaa wanafunzi, na kila aliyekuja kwa baba yao ilikuwa ni sharafu kwao. Wakaufunga mlango kwa mikono yao. Hawakumfungia baba kwa aibu yao wenyewe, kama wafanyavyo leo wenye kumweka mzee chumba cha nyuma ili wageni wasimwone. Walilinda amana iliyokuwa juu ya ulimi wake. Kumficha mzee asiaibike ni wema, na kumficha ili wewe usiaibike ni jambo jengine, ijapokuwa mlango ni ule ule.

Na laiti wote wangekuwa mfano wa wana wa Jarir katika mali! Maana wako wanaomfungulia mzee mlango siku moja tu, siku ya karatasi. Humleta aliyeandika, humshika kidole gumba wakakitia wino, na nyumba ikauzwa. Na ijulikane kwamba asiye na akili ya kupambanua mauzo yake hayasihi, wala hiba yake, wala talaka yake, wingi wa mashahidi usifae kitu. Na lisilojulikana kwa wengi ni hili: katika madhehebu ya Shafi, mwana hana uwalii juu ya mali ya baba yake. Mwenye kupotewa na akili baada ya utu uzima uwalii wake ni wa baba yake, kisha babu yake, kisha wasii wao. Na hao kwa mzee wa miaka sabini wako wapi? Basi jambo hurudi kwa kadhi, au kwa mahakama iliyopewa amri hiyo katika nchi, nayo humweka wa kusimamia. Msimamizi huyo hutoa katika mali matumizi ya mzee na dawa yake, na Zaka pia, kwani kwa Shafi Zaka imo katika mali ya asiye na akili kama ilivyo katika mali ya mtoto.

Lakini kusahau si kupotewa na akili, na hapa yataka hadhari. Mzee anayesahau siku na majina, ilhali yafahamu anayoambiwa na ajua kuuza ni nini, angali ni mwenye mali yake. Wana wasimvue madaraka kwa sababu ameuliza saa mara tatu. Na sala ni hivyo hivyo: ikiwa akili imetoka haimlazimu, wala hapana kadha juu yake, na ikiwa yaja na kwenda, humlazimu katika saa zilizo na fahamu. Akikumbushwa kwa upole akasimama akasali, vyema; akisali adhuhuri mara mbili, hapana haja ya kumvuta kanzu.

Imebaki khabari ya mikono. Mzee huyu pengine husahau hata njia ya choo. Wanaume wengi, wakiulizwa nani anayemtunza baba, husema, Sisi; na ukitazama, anayemwosha ni mke wa mwana. Mke wa mwana ni maharimu wa baba mkwe, ni kweli, lakini uchi wa kati ya kitovu na magoti hautazamwi ila kwa dharura, na dharura haipo maadamu mwana yupo na mikono yake mizima. Wala kumtumikia baba mkwe hakukuwajibishwa na Sharia juu yake. Katika madhehebu, hata utumishi wa nyumba ya mumewe haukuwajibishwa. Akifanya ni ihsani yake, na ihsani hushukuriwa, wala haidaiwi. Kazi hiyo ni ya mwana mwanamume, kwa kitambaa mkononi na macho yaliyoinamishwa. Asipoweza, huajiriwa mtumishi mwanamume kwa mali ya mzee kwa njia ya msimamizi. Na mzee akiwa hana kitu, matumizi yake na ya mtumishi asiyeepukika huwa juu ya wanawe wenye uwezo. Na mwenye dada aliyekesha kwa baba tangu Mfunguo Mosi mpaka Rajabu, naye mwenyewe hafiki ila baada ya sala ya Ijumaa, kanzu imepigwa pasi, akanywa kahawa ya hapo akaenda zake, hesabu ya masiku hayo na akaifanye na dada yake, si na watu wa barazani.